Vigawo viwili, vigawe visivyo na idadi: kuhusu namba tasa 2,147,483,647

Makala haya yamezaliwa na kosa langu mwenyewe, na ni vema nilitaje mapema kabla wanafunzi wa mwaka wa tatu hawajanitajia.

Katika jaribio la somo la tafsiri hapa Kigali nilitoa kifungu kifupi cha hisabati kwa Kifaransa, pamoja na agizo letu la kila siku: tafsiri kwa Kiswahili sanifu. Kifungu kilihusu namba 2,147,483,647. Sentensi yake ya kati ilieleza kwamba namba hiyo haigawanyiki bila baki kwa namba nyingine yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Katika mwongozo wangu wa kusahihishia nilikuwa nimeandika: "Namba hii ina vigawe viwili tu." Wanafunzi watatu waliandika "vigawo". Nikawakata alama mbili kila mmoja, nikafunga bahasha, nikaenda kunywa chai.

Kesho yake mmoja wa hao watatu, binti aliyesoma shule ya msingi Kigoma, alibisha hodi ofisini. "Samahani Mwalimu," akasema, "sisi shuleni tulikaririshwa KDS na KKS." KDS ni Kigawe Kidogo cha Shirika; KKS ni Kigawo Kikubwa cha Shirika. Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila baki. Kigawe ni namba inayopatikana ukiizidisha namba hiyo. Vigawo vya 6 ni 1, 2, 3 na 6. Vigawe vya 6 ni 6, 12, 18, 24 na kuendelea bila kikomo. Kwa hiyo sentensi yangu, ambayo niliiona sanifu kabisa, ilikuwa uongo mtupu. Vigawe vya 2,147,483,647 havina idadi: cha kwanza ni yenyewe, cha pili 4,294,967,294, cha tatu 6,442,450,941, na utachoka wewe kabla havijaisha. Vigawo ndivyo viwili.

Alama nilizirudisha. Lakini jambo lilinikaa moyoni. Sisi walimu wa lugha katika nchi hizi za jirani, ambako Kiswahili hakikuzaliwa nyumbani kwa wengi wetu, tunasema kila mwaka kwenye makongamano kwamba lugha hii inaweza kubeba sayansi. Inaweza, na istilahi zipo. Ila ni sisi tunaozitumia kama maua mezani, na irabu moja ikiteleza hatuna habari. Nikaamua kuisoma namba hiyo ipasavyo, nikamsumbua mwenzetu mmoja wa idara ya hisabati wiki mbili nzima, na haya ndiyo niliyotoka nayo.

Tuanze na jina. Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 na yenye vigawo viwili tu. Angalieni maneno "kubwa kuliko 1": namba 1 ina kigawo kimoja tu, kwa hiyo haimo. Nilipokuwa nikifundisha zamani nilizoea kusema "namba isiyogawanyika", nayo pia ni makosa, kwa kuwa kila namba hugawanyika kwa 1. Waarabu, Wafaransa na Waingereza huziita namba hizi kwa neno lenye maana ya kwanza. Kiswahili kimechukua njia yake na kusema tasa, na darasani neno hilo halipiti kimya. Mwanafunzi wa Kinyarwanda hutafsiri mara moja kichwani, ingumba, na kuna anayenuna. Mimi nina sababu nyingine ya kulitazama neno hili mara mbili. Namba zote nzima zilizo kubwa kuliko 1, ama ni tasa zenyewe, ama ni zao la namba tasa zilizozidishwa pamoja, na kwa namna moja tu. 12 ni 2 × 2 × 3, wala hakuna namba tasa nyingine zitakazokupa 12. Maana yake ni kwamba namba tasa ndizo mama wa namba zote. Kinachokosekana kwao ni wazazi. Pengine "yatima" lingefaa zaidi! Lakini istilahi ikishakubalika hukubalika, na "tasa" ndiyo inayofundishwa.

Kisha kuisoma kwa sauti. Kwa Kiswahili: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Hapa kuna mtego kwa wanafunzi waliosoma kwa Kifaransa. Hiyo bilioni yetu ni milioni elfu moja, yaani kile ambacho Kinyarwanda na Kirundi hukiita miliyari, kwa kufuata Kifaransa. Katika Kifaransa neno linalofanana na bilioni lina maana ya milioni milioni, mara elfu zaidi. Katika jaribio lile lile wanafunzi wanne waliandika "miliari mbili", na mmoja, kwa kutaka kukwepa Kinyarwanda, akaandika "bilioni" na kuongeza sifuri tatu. Huyu wa mwisho ndiye aliyekosea kweli. Neno "laki" nalo ni la thamani kubwa kuliko tunavyolipa heshima, maana "elfu mia nne themanini na tatu" ikisemwa haraka huacha msikilizaji hajui elfu zinaishia wapi.

Sasa namba yenyewe. Chukua 2, izidishe kwa yenyewe hadi upate 2 kwa kipeo cha 31, kisha toa 1. Hiyo ndiyo 2,147,483,647. Namba za aina hii, 2 kwa kipeo fulani kutoa 1, huitwa namba za Mersenne, kwa jina la padri wa Kifaransa Marin Mersenne ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo vinavyozaa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakutoa uthibitisho. Baadaye ilionekana kwamba alikosea kwa 67 na 257, na aliacha 61, 89 na 107. Kabla yake, mwaka 1603, Mwitalia Pietro Cataldi alikuwa amechapisha madai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinazaa namba tasa. Kati ya hivyo vinne alipata kimoja tu, 31. Fermat alionyesha mwaka 1640 kwamba 47 ni kigawo cha ile ya 23 na 223 ni kigawo cha ile ya 37. Euler akamalizia ile ya 29 kwa kigawo 233. Kwa hiyo ya 31 ilibaki ikining'inia: wawili walikuwa wameitaja kuwa tasa, na hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Fikirieni kazi yenyewe. Kujua kama namba ni tasa kwa njia ya kawaida, unaigawa kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili. Huna haja ya kuvuka hapo, kwa kuwa vigawo huja viwili viwili, na kimoja kikiwa kikubwa kuliko kipeuo hicho, mwenzake ni mdogo. (Kipeo na kipeuo: hapa napo irabu moja tu, tahadharini.) Kipeuo cha pili cha namba yetu ni kama 46,340. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni karibu 4,800. Kugawa karibu mara 4,800 kwa kalamu na wino, ukipata baki kila mara, na ukikosea mara moja tu hujui umekosea wapi: ni kazi ya kukata tamaa.

Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg, hakuifanya hivyo. Mwaka 1772, katika barua yake kwa Bernoulli, alisema namba hiyo ni tasa. Alikuwa na umri wa miaka 65 hivi na macho yake yalikuwa karibu yamekwisha kabisa. Mtu wa namna hiyo hawezi kutegemea karatasi. Hana budi kupunguza kazi kabla ya kuianza.

Njia yake inaeleweka kwa mfano mdogo, na nawaomba walimu wasiuruke, kwa sababu ndio utamu wote wa makala haya. Chukua 2 kwa kipeo cha 11 kutoa 1. Unapata 2,047. Hii si tasa: ni 23 × 89. Sasa tazama mabaki ya vipeo vya 2 ukivigawa kwa 23. 2, 4, 8 na 16 ni zenyewe. Inayofuata ni 32, na ukiondoa 23 hubaki 9. Kisha 18, 13, 3, 6, 12, na hatimaye 1. Ukifika 1 unaanza tena 2, 4, 8. Ni mzunguko, kama siku za soko, na una hatua 11 kamili. Kwa nini 11? Kwa sababu 23 inaigawa 2,047 bila baki, ikimaanisha kwamba 2 kwa kipeo cha 11 huacha baki 1. Urefu wa mzunguko ni lazima uwe kigawo cha 11, na 11 ni tasa, kwa hiyo ni 11 au 1, na 1 haiwezekani.

Hapo huingia kanuni ya Fermat: ukigawa kwa namba tasa isiyo 2, tuiite q, basi 2 kwa kipeo cha q kutoa 1 huacha baki 1 daima. Kwa hiyo mzunguko wa hatua 11 ni lazima uingie kamili ndani ya q kutoa 1. Kwa 23, 22 ni 2 × 11. Kwa 89, 88 ni 8 × 11. Mnaona.

Rudini kwa kipeo 31. Kama 2,147,483,647 ina kigawo tasa q, basi q kutoa 1 ni lazima iwe kigawe (kwa e!) cha 31. Tena q ni witiri, hivyo q kutoa 1 ni shufwa, hivyo ni kigawe cha 62. Kwa tendo hili moja idadi kubwa ya namba za kujaribu imeanguka. Halafu kuna kichujio cha pili. Kama 2 kwa kipeo cha 31 huacha baki 1, basi 2 kwa kipeo cha 32 huacha baki 2. Lakini 2 kwa kipeo cha 32 ni kipeo cha pili cha namba nyingine, yaani cha 2 kwa kipeo cha 16. Kuna kanuni isemayo kwamba kipeo cha pili kinaweza kuacha baki 2 kikigawanywa kwa namba tasa witiri pale tu ambapo namba hiyo tasa yenyewe, ikigawanywa kwa 8, huacha baki 1 au 7. Angalieni 23 na 89: ya kwanza huacha 7, ya pili huacha 1. Ukiunganisha vichujio hivi viwili, kigawo chochote cha namba yetu ni lazima, kikigawanywa kwa 248, kiache baki 1 au 63.

Hesabu zilizobaki kati ya 63 na 46,340 ni 372 tu. Na nyingi kati ya hizo si tasa, hivyo hutupwa bila kugawa: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Nilifanya hesabu hiyo mwenyewe kwa mkono, jioni moja umeme ulipokatika. Inaingia mara 6,905,092 na kubaki 35. Inayofuata ni 1,303, ambayo inaingia mara 1,648,107 na kubaki 226. Hapo nikasimama, lakini Euler hakusimama. Alipitia zote, na hakuna hata moja iliyoigawa bila baki.

Namba hiyo ikawa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, na ikabaki hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Ilizaa na kitu kingine. Tangu Euclid ilijulikana kwamba kila namba tasa ya Mersenne hutoa namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake ukiondoa yenyewe. Mfano ni 6, ambayo ni 1 + 2 + 3, na 28, ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Namba ya Euler, ikizidishwa kwa 2 kwa kipeo cha 30, hutoa 2,305,843,008,139,952,128. Mwingereza Peter Barlow aliandika katika kitabu chake cha 1811 kwamba huenda hiyo ndiyo namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwani namba hizo ni za kustaajabisha tu na hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alijisumbua, akathibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 127 kutoa 1 ni tasa. Hiyo ina tarakimu 39. Iliyotangazwa Oktoba 2024 ina kipeo 136,279,841 na tarakimu zaidi ya milioni 41.

Nadhani wengi wenu mmeshaiona namba yetu bila kuijua. Kompyuta nyingi zimezoea kuandika namba nzima kwa biti 32. Biti moja huwekwa kwa alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, na kubwa kabisa inayoweza kuandikwa humo ni hiyo hiyo 2,147,483,647. Desemba 2014 video ya wimbo "Gangnam Style" wa Mkorea PSY ilivuka idadi hiyo ya watazamaji katika YouTube, na hesabu ikabidi ihamishiwe kwenye biti 64. Lakini tusidanganyane hapa, maana nimesikia mtu akieleza kwamba wahandisi waliichagua kwa kuwa ni tasa. La. Ni sadfa. Kubwa ya biti 16 ni 32,767, nayo ni 7 × 31 × 151. Ile ya biti 64 nayo hugawanyika kwa 7. Kompyuta haikuuliza habari za utasa.

Mahali ambapo utasa wake unatumika kweli ni katika kubahatisha. Tuseme una maswali mengi katika kompyuta na unataka iyachague bila mpango. Mwaka 1988 wataalamu wawili, Park na Miller, walipendekeza utaratibu huu: anza na 1, zidisha kwa 16,807 (ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5), gawa kwa 2,147,483,647, shika baki. Kisha zidisha baki hiyo tena. Unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073. Ni mzunguko ule ule wa soko, ila huu hupita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, bila kurudia hata moja, ndipo urudi mwanzo. Mzunguko mkamilifu namna hiyo haungepatikana kama namba tunayogawia isingekuwa tasa. Kwa siri za benki haufai, kwani anayeijua baki moja anazijua zote zinazofuata. Kwa mitihani yetu unatosha.

Kuna saa pia. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia. Zile zinazotumia biti 32 zitafika sekunde ya 2,147,483,647 siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Hapa Kigali, na kwa wenzetu wa Bujumbura, itakuwa saa kumi na moja na dakika kumi na nne alfajiri, na sekunde saba. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Sekunde inayofuata, kompyuta ambayo haikurekebishwa itahesabu kwa hasi na kujiona iko tarehe 13 Desemba 1901. Hilo ni zoezi zuri la kufundishia saa za Kiswahili, na mwaka huu nimeshalitumia mara mbili.

Nimalizie na swali la mwanafunzi wangu yule wa Kigoma, kwa kuwa lilinishinda na ilibidi nimrudie mwenzetu wa hisabati. Aliuliza: kama 31 ni tasa na imezaa namba tasa, je, 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647 kutoa 1, nayo ni tasa? Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na gazeti letu hili lisingetosha hata kwa miaka elfu. Jibu lipo tangu 1983: si tasa. Guy Haworth aliipatia kigawo, 295,257,526,626,031. Tulikipima kwa sheria ile ile ya Euler, tukakitoa 1 na kukigawa kwa mara mbili ya 2,147,483,647. Kikaingia mara 68,745 kamili, bila baki.

Jaribio la muhula ujao litakuwa na kifungu juu ya 2 kwa kipeo cha 67 kutoa 1, ile aliyokosea Mersenne, ambayo Frank Nelson Cole aliionyesha mwaka 1903 kuwa 193,707,721 × 761,838,257,287. Mwongozo wa kusahihishia umeshapitiwa na mwenzetu wa hisabati, na vigawo vimeandikwa kwa o.